Siku Niliyopiga Saluti Ndani ya Sinia la Pilau

Watu wengi ninaowajua wana aibu zao, na wamezifungia ndani wasizione majirani, lakini yangu haifungiki, kwa sababu kila nikipita Makina, huku Kibera, watoto huacha mpira wao wa makaratasi, wanajipanga kando ya bomba la maji, wanapiga miguu chini na kunisalimia kwa neno lile lile lililoniaibisha. Kwa hivyo afadhali niiandike mwenyewe, polepole kama ninavyoandika kila kitu (niliishia darasa la nane, na hata huko mwalimu alikuwa akifuta ubao kabla sijamaliza mstari wa pili), ili mkiisikia kwa wengine mjue wameongeza chumvi wapi. Chumvi yenyewe haihitajiki sana. Ilikuwa imeshawekwa kwenye pilau.

Mimi ni soja. Soja hapa Nairobi si yule wa vita. Ni mlinzi wa geti, mtu wa kufungua, kufunga, na kuuliza unaenda kumwona nani. Geti langu liko Ayany, pale estate inapopakana na Kibera, na nyumbani kwetu wakati huo kulikuwa Kawangware 46, mimi na mama peke yetu, chumba kimoja cha mabati. Asubuhi nilikuwa natoka kazini kwa miguu mpaka Kawangware, jioni narudi kwa miguu, na sikulalamika, maana ukitembea hakuna anayekuongelesha.

Sasa mwenye ploti ya Kawangware akatuambia anabomoa mabati ajenge ghorofa. Mwisho wa mwezi kila mtu awe ametoka. Wenzetu walipata vyumba kwenye ghorofa nyingine za jirani, lakini vilivyobaki vilikuwa vya juu, na mama yangu magoti yake yameharibika, ngazi tatu tu anashika ukuta na kutaja majina ya malaika. Nilimpeleka kuangalia chumba kimoja cha juu na tulipofika katikati ya ngazi akakaa chini, akaniambia kwa upole kwamba akipandishwa huko itabidi siku ya kushuka ashushwe na wanaume wanne. Alikuwa anatania. Lakini mimi sikulala vizuri kuanzia siku hiyo.

Nikamwambia Swaleh. Swaleh ni mwenzangu wa zamu pale getini, Mnubi wa Makina, kijana wa kuongea mpaka unamuonea huruma ulimi wake. Akasema nyanya yake, ambaye wote wanamwita Haboba (ndivyo Wanubi wanavyomwita bibi), ana ploti ya vyumba vya chini, choo ndani, bomba ndani, na chumba kimoja kimebaki wazi. Ila Haboba hapokei mtu hivi hivi. Ukitaka chumba kwake unaitwa Jumamosi, siku anayopika chakula cha ploti nzima, unakula na wapangaji wote, wanakuangalia unavyokula na unavyoongea, halafu mwishoni anauliza kama kuna mwenye neno. Mtu mmoja akikukataa umekwenda.

"Na kitu kingine," Swaleh akaniambia. "Uje na shati. Haboba hapendi buti."

Nikamuuliza buti zimemfanya nini.

"Zimemvunjia mlango. Maafande walikuwa wanatafuta mtu, wakakosea nyumba. Na ukimsikia anakuita usishtuke, yeye huita mtu majina yote kama hakimu."

Hapo nilipaswa kusikiliza. Nilikuwa na shati safi kwenye mfuko wa plastiki, mama alikuwa amelipiga pasi ya makaa mwenyewe, na viatu vyepesi pia. Lakini Jumamosi ile asubuhi nilipotoka zamu ya usiku nikasimama kwenye kile kibanda chetu cha getini, nikaangalia shati, nikaangalia sare niliyovaa, sweta la bluu lenye mabega ya kitambaa, kofia, filimbi kwenye kamba nyeupe, na buti nilizozipiga rangi mpaka zinaonyesha uso. Nikawaza hivi: nikivaa shati mimi ni Shadrack, na Shadrack hajui kuongea mbele ya watu. Nikivaa sare, sare itaniongelea.

Huo ndio uamuzi mdogo. Yote yaliyofuata yalitoka kwenye ule mfuko wa plastiki ambao sikuufungua.

Lazima niwaambie kwanza habari ya neno lenyewe. Tulipokuwa tunafundishwa kazi ya usoja, ukiitwa jina kwenye gwaride unaruka, unanyanyua goti mpaka kifuani, unapiga buti chini, unapeleka mkono kwenye kofia na kusema kwa sauti, Afande. Wengine walijua siku ya kwanza. Mimi goti lilikuwa sawa, mkono sawa, lakini sauti ilikuwa inatoka kama ya mtu anayeuliza bei dukani bila pesa. Mwalimu wa gwaride akanipeleka mbele ya ukuta, akaniambia niuambie ukuta Afande mpaka ukuta unisikie. Wenzangu walikunywa chai, wakamaliza, wakaanza kuota jua, mimi bado niko na ukuta. Siku ikaisha hivyo, na ya pili pia. Siku ya tatu kitu kikafunguka kooni na njiwa wote waliokuwa juu ya paa wakaruka. Tangu hapo neno hilo likaingia mwilini kabisa. Niite majina yangu mawili kwa sauti nzito, hata niwe usingizini, goti litapanda lenyewe. Mama alijaribu mara moja kwa mchezo, tukapoteza taa ya kandili.

Basi tukatoka Ayany mimi na Swaleh, yeye na kanzu yake safi, mimi na buti zangu. Aliniangalia mara moja, akavuta pumzi, akanyamaza, na Swaleh akinyamaza ujue kuna jambo. Tulipoingia tu Makina mtoto mmoja aliyekuwa anateka maji akaniona, akasimama wima na kuniambia, "Afande."

Nilipaswa kumwambia mimi ni soja wa geti. Lakini (na hapa mnicheke tu) ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita mimi hivyo badala ya mimi kuwaita wengine, na kifua kikajaa chenyewe. Nikampigia saluti ndogo. Akaacha mtungi, akanifuata. Akaja mwingine, wakaja na wa mtaa wa pili, na kabla hatujafika kwenye ploti nilikuwa na kikosi cha watoto nyuma yangu wakipiga kushoto kulia, mmoja hana suruali, na mimi badala ya kuwafukuza nikageuka kumrekebisha mmoja aliyelegeza mkono. Swaleh akasema kwa sauti ya chini, "Shadi, tunaenda kuomba chumba, hatuendi kupindua serikali."

Ploti ya Haboba ni uwanja mdogo wa saruji katikati, vyumba vimeuzunguka, na siku hiyo mikeka ilikuwa imetandikwa uwanja mzima. Vijana waliokuwa wanacheza karata karibu na ukuta wa mabati waliona kofia yangu ikiingia, karata zikaingia chini ya mkeka. Mama mmoja Mjaluo anayeuza omena, vile vidagaa vya ziwani, Mama Auma, ambaye nilikuja kujua ndiye mdomo wa ploti, akaniangalia kuanzia kofia mpaka buti, akauliza, "Swaleh, huyu umemleta akamate nani?"

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kungoja kwanza. Swaleh akaeleza kwamba mimi ndiye mgeni wa chumba.

Pembeni ya mikeka viatu vilikuwa vimepangwa, kandambili, sandali, viatu vya watoto. Kila mtu pekupeku. Ikawa zamu yangu kuvua, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba soksi ya mguu wa kushoto ina dirisha, na miguu ilikuwa ndani ya buti tangu jana jioni, na mimi mwenyewe najua hali ya hewa ya huko ndani. Nikasema nitakaa tu hapa kando, nikavuta kreti ya soda, nikakaa mwisho wa mkeka, buti zangu zikiwa nje kidogo. Nje kidogo sana.

Chakula kikaletwa. Sinia kubwa la pilau likawekwa mbele yangu kabisa, mgeni hupewa heshima, na juu yake limefunikwa kwa tabaga. Kama hamjawahi kuiona, tabaga ni kifuniko cha kusuka, mviringo, rangi nyekundu na kijani na zambarau zikizunguka mpaka katikati, na wanawake wa Kinubi wanaisuka kwa mkono kwa muda mrefu mpaka inakuwa kitu cha kurithi. Hii ilikuwa ya zamani, rangi zimepoa. Pembeni kulikuwa na gurusa, zile chapati zao laini, na jagi la maji ya ndimu. Hakuna aliyegusa kitu kwa sababu Haboba alikuwa hajatoka ndani. Jua lilikuwa limenipiga mgongoni vizuri, pilau inanukia, sijalala usiku kucha. Nikasema nifumbe macho kidogo tu.

"Shadrack Wafula."

Sauti ilitoka ndani ya nyumba, nzito, bila haraka, kama inayosoma daftari la gwaride.

Mimi sikufanya kitu. Mwili ulifanya. Kreti ilienda nyuma, goti likapanda mpaka kifuani, na buti ikashuka kwa nguvu yote niliyofundishwa, ikapita katikati ya tabaga, ikapita kwenye pilau, ikagonga chini ya sinia kwa mlio wa kengele ya kanisa. Mkono ukafika kwenye kofia. Na nikasema Afande kwa ile sauti ya njiwa.

Nyuma yangu watoto wote, kwa utii ambao sijawahi kuuona hata jeshini (jeshini sijafika, lakini mnaelewa), wakapiga miguu na kusema Afande pamoja. Yule asiye na suruali alikuwa karibu na jagi, na jagi likaenda. Vijana wa karata, ambao masikio yao yana ugonjwa wa neno hilo, hawakungoja kuangalia. Walipanda mabati wote kwa pamoja, wawili wakaangukia upande wa pili na mmoja akabaki ananing'inia kwa mfuko wa suruali, akiniambia kutoka pale juu kwamba hana kitu, nimpekue tu.

Sasa, mtu mwenye akili angetoa mguu. Mimi sikutoa, na sababu ni moja: kwenye gwaride hushushi mkono mpaka mkubwa wako akuambie. Nikabaki wima, mkono kwenye kofia, mguu mmoja kwenye saruji, mwingine ndani ya chakula cha watu, tabaga imenizunguka kifundoni kama bangili, na wali wa moto unaingia taratibu kwenye matundu ya kamba za buti.

Mama Auma ndiye aliyefungua mdomo kwanza. "Wuoi," akasema. "Maisha yangu yote nimeona maafande wakila chakula cha watu. Huyu ndiye wa kwanza kula na mguu."

Ploti ikapasuka kwa kicheko. Walicheka mpaka wakashikana. Swaleh alikuwa amejifunika uso kwa kanzu na sijui kama alicheka au alilia. Mimi akilini nilikuwa namwona mama tu, amekaa kwenye ngazi, ametulia, anatania.

Haboba akatoka. Mwanamke mfupi, mpana, kitambaa cheupe kichwani, anatembea bila fimbo. Kicheko kikakatika. Hakuniangalia uso. Aliinama akaangalia tabaga, akapitisha kidole kwenye nyuzi zilizokatika, polepole, kama mtu anayegusa jeraha la mtoto.

"Hii aliisuka mama yangu," akasema.

Nilitaka kuomba msamaha. Nikaanza kushusha mkono.

"Usishushe. Sijakwambia ushushe."

Nikarudisha. Akavuta ile kreti yangu, akaikalia mbele yangu, akaniuliza hilo neno nililosema nimefundishwa na nani. Nikasema, kwa ile sauti yangu ya dukani, mwalimu wa gwaride. Akauliza mwalimu alisema limetoka wapi. Na kweli mwalimu alikuwa ametuambia, na mimi nilifurahi angalau nina jibu moja, nikasema ni neno la Wazungu.

Sijui kama mmewahi kuona mtu anayesamehe tabaga ya mama yake lakini hasamehi jibu. "Wazungu," alisema, na akarudia tena akiwaangalia wapangaji, kama anayewauliza kama wamesikia alivyosikia yeye. Halafu akaanza kuniambia, na kwa vile hakuwa ameniruhusu kushusha mkono nilisikiliza habari yote nikiwa vile vile nilivyo, mguu kwenye pilau.

Alisema neno hilo ni la Waturuki. Kwao lilikuwa la heshima, la kumwita bwana, mtu aliyesoma, mtu wa kusikilizwa. Waturuki walipoitawala Misri likakaa Misri, jeshi la Misri likaenda nalo Sudani, na huko mababu wa Wanubi waliochukuliwa jeshini wakalishika pamoja na maneno mengine, ombasha ndiye koplo, shaushi ndiye sajini, maneno ambayo yeye aliyasikia utotoni kama majina ya wajomba. Waingereza walipowaleta wanajeshi hao huku kwetu waliyakuta maneno yako tayari mdomoni mwao, wakayatumia hivyo hivyo. Afande alikuwa ofisa mweusi. Juu yake kulikuwa na Mzungu, hata Mzungu mtoto wa jana angeweza kumtuma, lakini chini yake hakuna askari aliyempita bila saluti. Babu wa Haboba alikuwa mmoja wao. Na walipozeeka, wakiwa wamepigana vita ambavyo si vyao katika nchi ambazo si zao, wakaambiwa wakae hapa, na hapa palikuwa msitu, na neno lao la msitu ndilo Kibra, ndiyo hii Kibera mnayoisikia.

"Babu yangu alikuwa anaitwa hivyo na watu waliotaka wenyewe kumwita," akasema. "Siku hizi mimi nalisikia nikiwa nimejifungia ndani. Kijana ameinua mikono anasema afande, afande, naomba. Neno la heshima limekuwa la kuomba usipigwe."

Yule aliyekuwa ananing'inia kwenye mabati akasema ndiyo, ni kweli kabisa, Haboba. Hakuna aliyemcheka. Wakamshusha.

Haboba akanigeukia. "Na wewe? Wewe unalisema la nini?"

Hilo swali hakuna aliyenifundisha jibu lake. Ningesema ni kazi, ingekuwa kweli. Lakini labda ni ule uchovu, au ni wali uliokuwa umefika mpaka kwenye dirisha la soksi, nikasema kweli nyingine ambayo sikuwa nimeiambia hata Swaleh.

"Haboba, ndilo neno peke yake ninaloweza kusema kwa sauti."

Aliniangalia usoni kwa mara ya kwanza. Halafu akaegemea nyuma, mikono magotini.

"Basi leo utasema na mengine. Sema ulichokuja kutaka. Kwa sauti hiyo hiyo."

Nikafikiria ule ukuta wa mafunzo. Nikatafuta mahali ilipotokea ile sauti ya njiwa. Na nikiwa bado wima, mkono kwenye kofia, nikasema yote kwa mkupuo mmoja, kwamba naitwa Shadrack Wafula wa Kawangware, kwamba nimekuja kuomba chumba cha mama yangu, magoti yake hayawezi ngazi, kwetu kunabomolewa, mama ni mtu mzuri na anapenda watu, na kwamba sisi si watu wa kupiga kelele.

Hayo ya mwisho niliyasema kwa nguvu kiasi kwamba kuku walitoka chini ya meza. Na kutoka ploti ya pili, upande wa pili wa mabati, sauti ya mwanamume tusiyemwona ikajibu, "Mpe chumba, mama. Tumesikia wote."

Safari hii walicheka tena, lakini kicheko kilikuwa kingine. Cha kwanza kilikuwa kinanitoa nje. Hiki nilikuwa ndani yake. Nilijikuta nami nacheka, na sijawahi kucheka nikiwa kwenye saluti, ni kazi ngumu, jaribuni.

Haboba hakucheka. Aliinuka, akasogea, akanirekebisha kiwiko juu kidogo na vidole vikabana, akasema mama yake alimwambia babu alikuwa anasimama hivi mlangoni kila asubuhi mpaka uzeeni, hata siku ambazo hakuna mtu wa kumpigia saluti. Akarudi nyuma hatua chache, akanipima kwa macho.

"Mguu pande," akasema. Aliitoa kama ofisa anayeruhusu askari alegeze mwili.

Mguu ukatoka kwenye sinia.

Nikavuliwa buti pale pale, na soksi ikaonekana na dirisha lake likaonekana, na Mama Auma akaleta maji akanimiminia huku akisema pilau ya leo itakuwa na ladha ya kampuni ya ulinzi. Sinia lile walipewa kuku. Mimi nilikula gurusa, na kila mtu alinisogezea kitu kutoka kwenye sahani yake, kijana wa mabati akanisogezea mfupa wenye nyama. Tabaga nilikuwa nimeiweka mapajani, siachi kuiangalia. Nikamwambia Haboba (kwa sauti ya kawaida, ambayo ilikuwa imepanda kidogo na sijui nani aliipandisha) kwamba mama yangu anajua kusuka, nyumbani magharibi alikuwa anasuka nyungo, na kama ataniruhusu nitampelekea aijaribu.

"Mlete yeye na hiyo tabaga," akasema. "Nataka kuona mkono wake kabla sijaona tena miguu yako."

Chakula kilipokwisha akauliza, kama kawaida yake, kama kuna mwenye neno juu ya mgeni. Nilishika kingo za mkeka. Vijana wa karata, waliokuwa wamesharudi, walitazamana. Kisha Mama Auma akajifuta mikono na kusema yeye amekaa na majirani wa kila aina, unamwita saa hizi anaitika kesho, na kwa mara ya kwanza ameona mtu ambaye ukimwita anaitika na mwili mzima. Yeye anamtaka huyo.

Haboba akasema chumba ni cha mama yangu. Mimi nitakaa kwa sababu yake. Na buti zitavuliwa kwenye mlango wa ploti, nje, kila siku, hata mvua inyeshe.

Mama alikuja wiki iliyofuata, Swaleh akiwa amembebea kiti na mimi nimembebea godoro. Aliishughulikia tabaga kwa siku nyingi pale mlangoni, yeye na Haboba, wakibishana nyuzi zipite wapi, mmoja kwa Kiswahili cha Kibukusu na mwingine kwa Kiswahili cha Kinubi. Rangi za zamani hazikupatikana. Mama akafumua sweta langu la zamani la kazi, akatumia nyuzi zake, na ndiyo maana leo tabaga ile, ikiwa ukutani kwa Haboba, ina nyekundu na kijani na zambarau, na katikati kiraka cha bluu chenye ukubwa wa buti. Wageni wakiuliza, Haboba ndiye anayehadithia, na anahadithia vizuri kuliko mimi, ila ameongeza jagi la pili.

Nimejifunza kwamba sare haiwezi kukuongelea. Itakupeleka mpaka mbele ya watu, halafu itakuachia hapo. Siku hizi nikienda kwa watu nafungua ule mfuko wa plastiki, navaa shati, na soksi nimenunua. Na juzi kwenye gwaride mwalimu alipowaambia wageni wa kazi kwamba neno letu limetoka kwa Wazungu, nikanyoosha mkono, mimi huyu wa ukuta, nikaeleza habari ya Waturuki na Misri na Sudani na babu wa Haboba mpaka mwisho. Alinisikiliza yote, kisha akaniambia nirudi getini kwangu. Nikarudi. Lakini nilisema, na waliosimama nyuma yangu walisikia.

Asubuhi nikifika kutoka zamu, watoto wanajipanga kando ya bomba. Wananiita Afande, hakuna anayekimbia, hakuna aliyeinua mikono, na mimi nawarudishia saluti, kiwiko juu, vidole vimebana, pekupeku, buti zangu ziko mlangoni. Na Haboba akiniita majina yote mawili kutoka ndani, naitika kwa sauti inayofika ploti ya pili. Ila kwanza naangalia mguu utashukia wapi.